Boti ya Mpira: Usalama Wake Huanzia Nyumbani

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, saa tatu asubuhi. Ziwa lilikuwa shwari kama maji ndani ya beseni. Tulikuwa tumetandika mkeka wetu mchangani, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Mimi nilikuwa napanga vikombe vya chai na maandazi, na mume wangu alikuwa akizungumza na jirani tuliyekuja naye. Watoto wetu wawili, mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 7, walikuwa wakicheza ndani ya boti yetu ya mpira, hatua chache tu kutoka ufukweni.

Nilihisi upepo mwororo ukinipuliza mgongoni. Nakumbuka niliufurahia. Nilipoinua uso kuwaita watoto waje kunywa chai, boti haikuwa tena hatua chache. Ilikuwa imefika mbali kama urefu wa kiwanja cha mpira, nayo ilizidi kwenda. Mwanangu alikuwa akivuta kasia moja kwa nguvu zake zote, na boti ikawa inazunguka tu pale pale huku ikisukumwa mbele. Kasia la pili lilikuwa linaelea nyuma yao. Niliona kinywa cha binti yangu kikifunguka kuniita, lakini sauti yake haikunifikia. Upepo ulikuwa unaipeleka upande mwingine.

Mume wangu alijitupa majini. Jirani yetu, ambaye ni mwenyeji wa ufuko ule, alimfuata na kumshika akimwambia kwamba hakuna mtu anayeogelea upesi kuliko boti iliyoshikwa na upepo, na kwamba akiendelea tutakuwa na watu watatu wa kuwatafuta badala ya wawili. Kisha akavua shati na kuanza kulipunga akiuita mtumbwi wa wavuvi wa dagaa uliokuwa unarudi kutoka kazi ya usiku. Tulimshukuru Mungu mtumbwi ule ulikuwa na injini, na watu wake walituona.

Wavuvi walipowaleta watoto wetu, waliivuta na boti nyuma yao. Nilipoigusa nilitetemeka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umelegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Upepo ulikuwa ukitoka kidogo kidogo muda wote ule.

Mzee mmoja miongoni mwa wavuvi alinisogelea. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," naye akaitikia. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, upepo ulipokupiga mgongoni hukuujua?"

Swali lile sijalisahau hata leo. Maana kweli niliuhisi, nami nikanyamaza. Tena asubuhi ile ile, wakati mume wangu akijaza boti upepo, nilisikia sauti ndogo, "sssss," penye mdomo wa kujazia. Hapo pia nilinyamaza. Nilijiambia kwamba boti ni mambo ya baba. Mambo yangu ni chai na maandazi.

Mama mwenzangu, nimeandika makala hii kwa sababu ya ukimya ule.

Si kitu cha kudharau

Boti yetu tuliuziwa na mfanyakazi mwenzake mume wangu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuja imekunjwa ndani ya mfuko, pamoja na pampu ya mguu na makasia mawili. Majirani waliokuja kuitazama walicheka. "Mpira tu huo!" wakasema. Nasi kwa siri tuliona hivyo hivyo, kwamba ni kitu cha kuchezea watoto.

Baadaye, tulipoanza kusoma na kuuliza, tulijifunza kwamba vyombo vya namna hii vina historia ya heshima. Katika miaka ya 1840, ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alibuni boti ya kitambaa chenye mpira ambayo mtu aliweza kuivaa kama koti, kisha akaijaza upepo alipofika kwenye maji. Mpelelezi John Rae aliichukua boti ya Halkett katika safari zake za nchi za barafu huko kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1952 daktari Mfaransa, Alain Bombard, alivuka bahari ya Atlantiki akiwa peke yake ndani ya boti ya mpira yenye urefu wa kama mita nne na nusu. Aliondoka visiwa vya Canary tarehe 19 Oktoba na kufika Barbados tarehe 23 Desemba, siku 65 baadaye. Na tangu mwaka 1963 chama cha Uingereza cha kuokoa watu baharini, RNLI, kimekuwa kikitumia boti ndogo za mpira karibu na fukwe, kwa kuwa zinawahi, hazizami upesi, na hazimuumizi mtu anayevutwa kutoka majini.

Basi mpira si tatizo. Wanaookoa watu wanauamini mpira. Tofauti ni kwamba wao huosha, hukagua na kuziba kila tundu kabla ya siku ya safari. Sisi tulikuwa tumeitupa yetu stoo ikiwa bado na maji na mchanga ndani.

Jua ulicho nacho

Kwanza kabisa, tofautisha boti na mwanasesere. Katika maduka kuna vitu vya plastiki nyembamba, vyenye rangi za kupendeza, vinavyofanana na boti. Mara nyingi vina chumba kimoja tu cha upepo, na vingine vimeandikwa kwamba visitumike kama vifaa vya kuokolea maisha. Mahali pake ni kwenye maji yanayofika magotini, mzazi akiwa amesimama kando. Si ziwani wala baharini.

Boti halisi ina kitambaa kigumu kilichopakwa plastiki ya PVC au mpira mgumu, na mabavu yake yamegawanywa katika vyumba viwili, vitatu au zaidi. Kila chumba kina mdomo wake wa kujazia, unaoitwa vali. Chumba kimoja kikitoboka, vingine hubaki vimejaa na boti huendelea kuelea. Hicho ndicho kilichowaokoa watoto wetu: ubavu mmoja ulilegea, lakini chumba cha mbele na ubavu wa pili vilishikilia.

Tafuta pia kibandiko cha kiwandani, ambacho kwa kawaida hubandikwa ndani ya boti upande wa nyuma. Kitakuambia idadi ya watu na uzito usiotakiwa kuzidishwa. Sisi wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa mara mbili maana ya kuzidisha mzigo. Tuliomboleza mamia ya watu katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tukaomboleza tena kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Chombo kidogo nacho kina kipimo chake. Kibandiko kikisema watu watatu, mtoto wa nne asipakatwe.

Kujaza upepo bila kuharibu

Kabla ya kutandaza boti, fagia mahali hapo. Jiwe dogo lenye ncha, kizibo cha soda au mwiba unatosha kutoboa sehemu ya chini.

Usijaze chumba kimoja mpaka kikakaza ndipo uende kingine. Jaza kila chumba nusu kwanza, kisha zunguka tena ukiongeza kidogo kidogo. Ukikaza kimoja na kingine kikiwa kitupu, ukuta unaovitenganisha huvutika na unaweza kupasuka kwa ndani, mahali ambapo huwezi kuziba. Kama boti ina mbao za sakafu, ziweke wakati mabavu bado laini.

Usiipeleke boti kwenye pampu ya kituo cha mafuta. Boti nyingi za namna hii zinahitaji upepo mdogo sana, yapata sehemu moja ya kumi ya ule wa tairi la gari. Pampu ya mashine itaipasua mara moja. Tumia pampu ya mguu au ya mkono iliyokuja nayo, ukifuata kipimo kilichoandikwa. Ikishakaa sawasawa, ukiibonyeza kwa kiganja huhisi imekaza, wala haina mikunjo.

Jambo lingine ambalo sikulijua: upepo ulio ndani hubadilika pamoja na joto. Boti ikiachwa juani, upepo hutanuka na mishono inaweza kufumuka. Ikikaa mchangani mchana, punguza upepo kidogo au ifunike kwa kivuli. Kinyume chake, ukiiingiza kwenye maji ya baridi, upepo hunywea na boti hulegea kidogo. Baada ya dakika kumi au kumi na tano majini, irudishe ufukweni uiongeze kidogo. Lakini ikilegea tena baada ya hapo, si baridi, inavuja. Siku hiyo hakuna safari.

Ukiwa unafunga vifuniko vya vali, tega sikio. Ukisikia ile "sssss," sema.

Upepo wa mgongoni

Sasa nifike kwenye lile swali la mzee.

Boti ya mpira ni nyepesi na huelea juu juu. Haina mkuku wa kushika maji kama mtumbwi wa mbao. Kwa hiyo upepo huisukuma kama unavyosukuma mfuko wa plastiki barabarani. Ukivuma kutoka majini kuja nchi kavu, utaileta boti kwako. Ukivuma kutoka nchi kavu, utaipeleka katikati.

Hatari yake ni kwamba upepo wa nchi kavu hudanganya. Karibu na ufuko miti, mawe na nyumba huukinga, na maji hubaki laini bila mawimbi. Mama anayetazama husema, "Leo ziwa limetulia," naye huwaruhusu watoto. Wakishasogea mbele kidogo, hutoka kwenye kinga ile, na hapo upepo huwashika. Kadiri wanavyokwenda mbali ndivyo upepo na mawimbi vinavyozidi, na mikono ya mtoto haiwezi kushindana navyo. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Huko mbele hakuna ukuta wa kumzuia mtu.

Kwenye fukwe nyingi za ziwa na bahari, usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, hivyo alfajiri na asubuhi upepo huelekea majini. Mchana ardhi ikishapata joto, mara nyingi upepo hugeuka na kuja nchi kavu. Huku kwetu kusini mwa ziwa, katika miezi ya kiangazi, huongezeka upepo wa kutoka kusini mashariki, ambao nao huyasukuma maji na vyombo kutoka kwetu. Asubuhi yetu ya Julai ilikuwa na yote mawili.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Simama ukitazama maji. Ukihisi upepo usoni, vema. Ukiuhisi mgongoni, boti ya mpira haiingii majini, au inaingia ikiwa imefungwa kwa kamba ndefu na imara ambayo mtu mzima ameishika. Kama huna hakika, tupa jani kavu juu utazame linakoelekea, au angalia moshi wa jiko la mtu aliye karibu.

Kanuni za nyumba yetu

Baada ya siku ile mume wangu nami tuliketi mezani, tukaziandika kanuni hizi na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la boti:

1. Kila mtu, mkubwa na mdogo, huvaa jaketi la kuokolea maisha kabla ya kukanyaga maji. La mtoto liwe la uzito wake, si la baba likazungushwa kamba. Lifunge, kisha mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, halimfai. La mdogo liwe na mkanda unaopita kati ya miguu, lisimvuke kichwani akiwa majini.

2. Makasia hufungwa kwa kamba kwenye boti. Lisingepotea lile kasia moja, pengine mwanangu angeweza kurudi.

3. Ndani ya boti huwemo filimbi, kopo la kuchotea maji, pampu, nanga ndogo yenye kamba ya kutosha, na simu iliyofungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Ziwa letu lina mahali penye kina cha mita 80 hivi, kwa hiyo nanga hufaa karibu na ufuko, si katikati.

4. Watoto hawaingii botini bila mtu mzima ndani, hata kama boti imegusa mchanga.

5. Mtu mmoja hubaki nchi kavu akijua tumekwenda wapi na tutarudi saa ngapi. Kazi yake ni kutazama, si kupika.

6. Kama kuna injini, dereva hufunga mkononi ile kamba ya usalama inayoizima injini akianguka. Hakuna anayeketi juu ya ubavu wa boti wakati injini inanguruma.

7. Wingu jeusi likianza kupanda au radi ikisikika, tunarudi. Hakuna kusema "dakika tano tu."

8. Kabla ya kuingia mahali pageni, tunawauliza wenyeji kuhusu mamba, viboko, miamba na nyavu. Tena tunaepuka maji yaliyosimama penye nyasi na magugu, kwa sababu hapo ndipo konokono wenye vimelea vya kichocho hupenda kukaa.

Shida ikitokea

Wafundishe watoto mambo haya mkiwa sebuleni, si siku ya hatari.

La kwanza, wasiiache boti. Mtoto anayeona ufuko karibu hushawishika kuruka na kuogelea. Boti ni kubwa kuliko kichwa cha mtu na huonekana kutoka mbali, mwogeleaji haonekani. Hata boti ikipinduka, washike kamba za ubavuni na kubaki nayo.

La pili, waketi chini sakafuni, si juu ya mabavu. Wakiwa chini, upepo hupata kidogo cha kusukuma, nayo boti haipinduki kwa urahisi. Kama kuna nanga, waishushe mapema maji yakiwa bado si ya kina kirefu.

La tatu, wapige filimbi, kwa kuwa sauti ya mtoto huchoka upesi, nayo filimbi husikika mbali. Kuinua mikono yote miwili na kuishusha taratibu ni ishara ya kuomba msaada inayofahamika na mabaharia kila mahali.

La nne, chumba kimoja kikipasuka, wote wahamie upande uliojaa. Kama tundu ni dogo, wazibe kwa kiganja na kuendelea kupampu.

Nawe uliye ufukweni, usiingie majini kuwafuata kwa kuogelea. Tafuta chombo chenye injini, piga kelele, piga simu. Asiondoke mtu wa kuelekeza, ili macho ya mmoja wenu yasiwapoteze hata dakika moja. Mtu aliye majini karibu nawe mtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, apate kitu cha kushika.

Mkirudi nyumbani

Hapa ndipo tulipokosea zaidi, na hapa ndipo mama wa nyumba anapoweza kusaidia sana, kwa maana kazi hii haina tofauti na kufua na kutunza nguo.

Siku ile ile ya kurudi, iosheni boti kwa maji safi. Ikiwa imetoka baharini, chumvi iondoke yote, hasa kwenye vali na vyuma. Tumia sabuni ya kawaida isiyo kali na kitambaa laini au sponji. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kutakatisha nguo. Vyote hivyo hula mpira na gundi. Fungua ile mikunjo ambapo sakafu inakutana na mabavu, utoe mchanga. Mchanga uliobaki pale husaga mpira kama msasa kila watu wanapokanyaga.

Kisha ikausheni kivulini, ikiwa bado na upepo kidogo. Jua kali huifanya iwe ngumu na kupasuka kama kandambili za zamani. Ikikunjwa na unyevu, huota ukungu na gundi ya mishono huachia.

Ikunjeni bila kuikaza, na kila mara msikunje kwenye mstari ule ule. Iwekeni juu ya rafu au meza, mbali na jiko, mbali na mafuta, na zaidi ya yote mbali na panya. Stoo yetu ilikuwa na gunia la mahindi kando ya boti. Panya walipomaliza kula mahindi walijaribu mpira. Tulikuta alama za meno mahali pawili.

Kila baada ya miezi mitatu, hata kama hamsafiri, ifungueni, ijazeni upepo jioni, muiache ndani usiku kucha. Asubuhi ibonyezeni. Iliyolegea kidogo kwa sababu ya baridi ya usiku itafanana pande zote. Iliyolegea upande mmoja inavuja upande huo.

Kuziba pancha

Changanya maji na sabuni ndani ya bakuli mpaka yatoe povu. Boti ikiwa imejaa, paka povu hilo kwa sponji, ukianzia kwenye vali, kisha mishono, kisha sehemu nyingine. Penye tundu patachemka mapovu madogo. Weka alama kwa kalamu. Kama ni vali inayovuja, ifungue uisafishe. Mara nyingi ni chembe ya mchanga tu. Ile "sssss" yangu ilikuwa punje moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Kama ni tundu, toa upepo wote, suuza povu kwa maji safi, acha pakauke kabisa. Kata kiraka cha mviringo, kisiwe na pembe, maana pembe huanza kubanduka. Kiwe kikubwa kiasi cha kupita tundu kwa sentimita tano kila upande. Kwaruza kidogo kwa msasa mwembamba mahali pote pawili, futa vumbi, halafu paka gundi nyembamba kwenye kiraka na kwenye boti. Subiri ikauke mpaka isishike kidole, paka mara ya pili, subiri tena, kisha bandika. Sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje ili kusibaki hewa. Weka kitu kizito juu, na uiache saa 24 kabla ya kujaza upepo.

Angalizo: gundi ya pancha ya baiskeli haishiki vizuri kwenye boti za PVC. Nunua gundi iliyoandikwa kwa aina ya kitambaa chako, na ufuate maelezo yake. Fanyeni kazi hiyo nje penye hewa, siku isiyo na mvua, mbali na moto wa mkaa na mbali na watoto, kwa kuwa mvuke wa gundi huwaka na kulevya.

Tundu dogo kwenye ubavu hutengenezeka nyumbani. Lakini mshono uliofumuka, ukuta wa ndani uliopasuka au mpira unaonata na kumomonyoka si kazi ya kiraka. Apatikane fundi mwenye ujuzi, au boti ikatwe iwe turubai la kufunikia kuni. Kupoteza boti si hasara kubwa.

Tulirudi majini

Wengi waliniuliza kama tuliichoma ile boti. La. Kwa miezi miwili haikuguswa, na binti yangu hakutaka hata kuoga kwenye beseni lililojaa. Kisha Jumamosi moja mume wangu aliitandaza uani, akaniita. "Mama watoto," akaniambia, "siku ile ulisikia kitu hukusema, na mimi nilitaka kuonekana najua kila kitu, sikuuliza. Leo tuitazame wote wawili." Tuliosha, tukakwaruza, tukabandika. Mwanangu alishika kijiko, na binti yangu ndiye aliyekuwa mpaka povu. Tangu siku ile ni kazi ya nyumba nzima.

Tuliporudi ziwani, binti yangu alisimama kwanza ufukweni, akatazama maji, akanyamaza kidogo. "Mama, upepo uko usoni," akasema. Ndipo tukamvalisha jaketi lake, baba yake akaingia naye, nami nikaishika kamba.

Chai ilipoa siku ile. Sikuimimina mpaka wote waliporudi.